Mabao yanaanzia wapi: kisa cha kijana aliyekwama kwenye gemu la mpira

Kisa kinahusu nini

Kijana wa miaka 19, ambaye hapa nitamwita S., alikuwa amecheza gemu la mpira kwenye mabanda ya mtaani kwao tangu yuko shule ya msingi. Alizijua chenga zote, alijua timu ipi ina winga wenye mbio, na viwango vya wachezaji alivitaja kwa kichwa. Pamoja na hayo alikuwa amekwama. Waliomfunga mwaka juzi walikuwa bado wanamfunga, na baadhi ya wadogo aliowafundisha mwenyewe kushika pedi walishampita.

Mimi ni mwalimu wa mpira wa vijana, ule wa uwanjani, na S. alinifahamu kwa njia hiyo. Aliniomba nikae pembeni nimwangalie akicheza, nimwambie ninachokiona. Nakiandika kisa hiki kwa ridhaa yake. Majina nimeyaondoa, mji sitautaja, na vitu vidogo vinavyoweza kumtambulisha mtu nimevibadilisha.

Gemu lenyewe ni EA Sports FC 24 kwenye mashine ya PS4. Ni toleo la kwanza baada ya kampuni ya EA kuachana na jina la FIFA mwaka 2023, ingawa bandani kila mtu bado anasema "njoo tupige FIFA".

Banda na sheria yake

Banda ni chumba kimoja chenye televisheni tatu, feni moja na benchi la wanaosubiri. Mechi ni dakika nne kila kipindi, shilingi 500. Sheria ni ile inayojulikana karibu kila mtaa: aliyefungwa analipa na kunyanyuka, mshindi anabaki na pedi yake akimsubiri anayefuata.

Naomba msomaji aitazame sheria hiyo kwa makini, maana mengi yaliyompata S. yanatoka humo. Mchezaji dhaifu ndiye anayelipa kuliko wote na ndiye anayecheza kidogo kuliko wote. Akifungwa saa moja jioni anaweza kurudi kwenye pedi saa mbili kasoro, baada ya benchi zima kupita. Mchezaji hodari anacheza mfululizo, tena bure. Jambo la pili halionekani haraka: kujaribu kitu kipya kuna gharama. Ukijaribu namna mpya ya kukaba, utakosea mara kadhaa, utafungwa, utatoa 500 na kurudi benchi. Kwa hiyo kila mtu anacheza kile anachokijua tayari. Nimewaona vijana waliocheza miaka sita kwa namna ileile, na sababu haikuwa uvivu wala upungufu wa akili. Kila jioni walikuwa wanaadhibiwa kwa kujifunza.

S. ni fundi simu. Kibanda chake anakifungua saa nne asubuhi na kukifunga jioni, kisha anaenda kwenye gemu. Siku mbaya alikuwa anaacha pale shilingi 3,000, ambazo kwa kipato chake si pesa ya kuchezea.

Alichodhani ndilo tatizo

Alikuja na maelezo yake tayari. Kwanza hafungi mabao ya kutosha, kwa hiyo anahitaji chenga mpya. Pili, televisheni ya karibu na mlango "inachelewa". Tatu, pedi za banda zimechoka. Usiku alikuwa anamaliza bando akitazama video za chenga, na jioni inayofuata anazijaribu kwenye mechi ya pesa.

Nilimuuliza swali moja: mabao matatu ya mwisho uliyofungwa yalianzaje? Mabao aliyofunga mwenyewe aliyakumbuka yote, hadi mguu uliopiga. Yale aliyofungwa aliyajibu kwa maneno mawili matatu: "beki walilala", "kipa mbovu", "jamaa alibahatisha". Hakukuwa na hata moja aliloweza kulieleza kuanzia mpira ulipopotea hadi ulipoingia nyavuni. Nikaona hapo ndipo pa kuanzia. Ila yeye alitaka suala la vifaa limalizwe kwanza, nami nikakubali, kwa sababu malalamiko ya vifaa yakiachwa hewani yanarudi kila unapofungwa.

Televisheni na pedi

Malalamiko yake yalikuwa na ukweli. Televisheni nyingi za kisasa huichakata picha kabla ya kuionyesha, ili rangi zikolee na mwendo uwe laini. Uchakataji huo unakula muda. Gemu hili linatoa picha 60 kwa sekunde, yaani kila picha ina takriban milisekunde 17. Televisheni ikichelewesha milisekunde 100, mchezaji anaona kilichotokea picha sita zilizopita, na kwenye kumpokonya mtu mpira picha sita zinatosha kugeuza mpokonyo safi kuwa penalti. Televisheni nyingi zina mpangilio maalumu wa gemu unaozima sehemu kubwa ya uchakataji huo. Ile ya mlangoni mpangilio huo ulikuwa umezimwa. Mwenye banda aliuwasha mwenyewe, dakika moja tu.

Kuhusu pedi, moja kati ya zile alizokuwa akipewa ilikuwa na kijiti cha kushoto kinachojiendea: hujaigusa, mchezaji anatembea. S. alinunua pedi iliyotumika, akawa anakuja nayo.

Tofauti aliihisi siku ileile. Alisema beki sasa "wanasikia". Lakini jioni zilizofuata aliendelea kufungwa karibu kama zamani, na watu walewale. Faida kubwa ya hatua hii nadhani ilikuwa hiyo: visingizio viwili viliondoka mezani, na S. akabaki na mchezo wake mwenyewe mbele ya macho.

Daftari la mabao

PS4 ina jambo ambalo vijana wengi bandani hawalitumii. Muda wote unaocheza inahifadhi dakika 15 za mwisho, ndivyo ilivyopangwa kutoka kiwandani. Ukibonyeza kitufe cha Share mechi inapokwisha, unaweza kuitunza video ile na kuihamishia kwenye flashi. Mechi ya dakika nne mara mbili inaingia yote. S. akawa anatunza mechi alizofungwa na kuzitazama kibandani kwake kwenye kompyuta anayoitumia kufleshi simu.

Tulikubaliana utaratibu wa kutazama. Asiangalie bao. Arudishe video nyuma hadi sekunde kumi kabla ya bao, aisimamishe, aandike mambo matatu: mpira ulipotea au ulipokewa wapi, yeye alikuwa anamwongoza mchezaji gani, na mpigaji alipiga kutoka wapi. Daftari la shule, mistari mitatu kwa kila bao.

Mabao 24 ya kwanza yalipoandikwa, 15 yalikuwa na mwanzo mmoja. Mpinzani anapokea mpira katikati, mbele kidogo ya ukuta wa S. Naye S. anamwacha mchezaji anayemwongoza na kumchukua beki wa kati, anabana R2, kitufe cha kukimbia, na kumkimbilia mwenye mpira. Mwenye mpira anapenyeza pasi kwenye nafasi ileile ambayo beki ametoka. Mshambuliaji anabaki na kipa. Mabao matano yalitokana na chenga aliyojaribu kwenye nusu yake mwenyewe akapokonywa. Matatu yalikuwa ya kona. Moja kweli lilikuwa la bahati, mpira ulimgonga beki ukabadilisha njia.

S. hakukubali mara moja, na sikutegemea akubali. "Mwalimu, ningefunga matatu, mawili ninayofungwa yangeniuma nini?" Ni hoja nzuri, tukaipima kwa video zilezile. Nafasi za kufunga alikuwa anazipata. Kilichotokea ni kwamba akitanguliwa bao anaanza kukimbia na kila mtu, anapiga mashuti akiwa nje ya 18, na chenga zinaongezeka kadiri dakika zinavyopungua. Ushambuliaji wake uliharibika baada ya kufungwa. Aliposhika uongozi alicheza vizuri tu. Alipoona hilo kwa macho yake, mechi baada ya mechi, ndipo video za chenga zilipokoma.

Uamuzi: kanuni moja

Tuliamua afanye kazi na kanuni moja peke yake: usitoke na beki wa kati. Mpinzani akiwa katikati, mchukue kiungo mkabaji, bana L2 ili mchezaji amkabili mwenye mpira akitembea kwa ubavu, na kidole kitoke kwenye R2.

Kwa nini moja? Mechi ya dakika nane haina nafasi ya kukumbuka mambo matano. Kwa nini hiyo? Ilikuwa inagusa zaidi ya nusu ya mabao, inaonekana wazi kwenye video hata mtu asiyejua gemu anaweza kuihesabu, na haitegemei timu aliyochagua. Kuna sababu nyingine iliyotoka kwenye mpira wa uwanjani: beki wa kati akitoka bila mtu wa kumfunika, ukuta umevunjika hata kama aliyetoka ni beki bora duniani. Gemu limeiga jambo hilo kwa uaminifu kabisa. Wachezaji usiowaongoza wanajipanga wenyewe, na mara nyingi wanajipanga vizuri kuliko mtu mwenye wasiwasi anavyoweza kuwapanga. Ukimchukua beki, umemwondoa kwenye mpangilio huo na kumkabidhi kwa kidole chako.

Mahali pa kufungwa bila kulipa

S. alianza kuijaribu kanuni jioni ileile, kwenye mechi za pesa. Haikudumu. Kila alipotanguliwa bao alirudi kwenye R2. Video zilionyesha hivyo bila huruma: kipindi cha kwanza anatulia, kipindi cha pili ni S. wa zamani. Mtu akiwa na wasiwasi anarudi kwenye kile ambacho vidole vimezoea, na pale bandani wasiwasi umewekwa makusudi kwa shilingi 500.

Hapo S. alifanya uamuzi ninaouona kuwa bora kuliko yote kwenye kisa hiki, na aliufikiria mwenyewe. Alimfuata mwenye banda.

"Anko, asubuhi mashine zimelala. Nipe saa moja kabla sijaenda kazini, nikulipe kwa saa."

"Utalipa ngapi?"

"Buku."

"Buku sawa. Ila ukija na kundi la wasiolipa, nafunga. Na unafagia."

Shilingi 1,000 kwa saa, bila mshindi, bila benchi. Alihitaji mtu wa kucheza naye, akampata kijana mwingine wa mtaani ambaye alikuwa akimfunga mara kwa mara. Walichangia nusu kwa nusu. Yule mwenzake aliombwa jambo moja: dakika ishirini za mwanzo ashambulie kwa kupitia katikati tu, tena na tena, akiwa na timu kali kuliko ya S. Mabao hayakuandikwa. Kilichoandikwa ni idadi ya mara ambazo S. alimtoa beki wa kati kwenye mstari. Baada ya hapo walicheza mechi moja ya kawaida.

Jioni aliacha kabisa kwa muda, isipokuwa Jumamosi. Wenzake walimtania kuwa fundi amestaafu.

Wiki alizoporomoka

Idadi ya kutoka kwenye mstari ilishuka haraka. Matokeo nayo yakashuka. S. akawa anafungwa zaidi kuliko mwanzo, na kwa namna ambayo hakuwahi kufungwa: mpinzani anatembea na mpira taratibu hadi ukingoni mwa 18, hakuna anayemsogelea, anajipanga, anapiga. Daftari la asubuhi lilikuwa na sifuri mfululizo kwenye safu ya "nimetoka". Kwa kipimo chake alikuwa mchezaji kamili. Kwenye ubao wa matokeo alikuwa ndio chini kabisa.

Hapa alitaka kuacha. Nilichomwambia ni kwamba sifuri zile zilikuwa habari njema nusu. Zilithibitisha kuwa kidole kinaweza kuachana na R2. Kanuni yenyewe ndiyo iliyokuwa nusu: inasema usitoke, haisemi toka lini. Kwenye mpira wa uwanjani mtoto wa miaka 12 anafundishwa zote mbili kwa pamoja. Unatoka mpinzani akiwa ameligeuzia goli lako mgongo, au anapougusa mpira ukamponyoka mbele hatua moja. Nje ya hapo unachelewesha, unamziba njia ya ndani, unamsubiri akosee. Tukaongeza kanuni ya pili hiyo, na safu ya pili kwenye daftari: mara ngapi alitoka kwa wakati na akaupata mpira.

Safu ya pili ilifichua tatizo la tatu ambalo hakuna aliyelidhani. Mara nyingi S. aliuona wakati sahihi wa kutoka, lakini mchezaji aliyetaka kumtumia hakuwa mikononi mwake. Alikuwa anabadilisha kwa L1, na L1 inakupa mchezaji ambaye gemu limemchagua. Mara anakuja beki wa pembeni, mara winga aliye mbali, unabonyeza tena, nafasi imepita. Njia nyingine ni kijiti cha kulia: unakisukuma upande wa mchezaji unayemtaka, unampata yeye. S. aliijua njia hiyo kwa miaka. Hakuwahi kuitumia kwa sababu dole gumba la kulia linakaa kwenye vitufe, na kulihamisha wakati unashambuliwa kunatisha.

Hili ndilo lililochukua muda mrefu kuliko yote. Walilitenga: mwenzake anapasiana tu katikati ya uwanja bila kushambulia, na S. kazi yake ni kubadilisha wachezaji kwa kijiti kufuata mpira, bila kumpokonya mtu. Zoezi la kuchosha, halina bao wala kelele. Asubuhi kadhaa alikuja nimwangalie na kulikuwa hakuna cha kuangalia zaidi ya dole gumba. Halafu siku moja kwenye mechi ya Jumamosi alimchukua kiungo kwa kijiti, akaziba pasi ya kupenyeza, akaanzisha shambulizi, na hakujua kama amefanya hivyo hadi nilipomwonyesha kwenye video.

Mashindano ya banda

Wakati wa likizo mwenye banda aliandaa mashindano ya watu 16, mtoano, kila mmoja akitoa kiingilio na zawadi kwa wawili wa mwisho. S. alishinda mechi ya kwanza 1-0. Robo fainali alikutana na mmoja wa wale waliompita, akamfunga 2-1 baada ya kutanguliwa. Hiyo 2-1 naithamini kuliko ushindi wowote aliokuwa nao hapo nyuma, kwa sababu alipotanguliwa hakukimbia. Kipindi cha pili kilikuwa kama cha kwanza: L2, kiungo, subira.

Nusu fainali alitolewa 2-0. Bao la kwanza lilitokana na kona. La pili alilifungwa akiwa amepandisha timu yote kutafuta la kusawazisha, mpinzani akapita pembeni na kurudisha krosi ya chini kutoka mstari wa mwisho.

Mabao 20 aliyoyaandika baada ya mashindano yanasema hivi: manne tu yalianza kwa beki wa kati kutolewa kwenye mstari. Kona zilikuwa sita. Pembeni saba. Chenga za nusu yake mwenyewe zilikuwa zimekwisha kabisa, na hakuna aliyemwambia aache. Mabao matatu yaliyobaki yalikuwa mchanganyiko. Mabao hayo 20 yalichukua mechi nyingi zaidi kuliko yale 24 ya mwanzo.

Uchambuzi: kilichofanya kazi

Kurudisha video nyuma ya bao kulifanya kazi kubwa kuliko ushauri wowote. Mchezaji anakumbuka pigo la mwisho, na pigo la mwisho mara nyingi ni la kipa au la bahati. Chanzo kiko sekunde nane, kumi kabla, wakati ambapo hakuna kinachotisha. Asiyekirudia hawezi kukiona, na asiyekiandika atakikumbuka kwa namna inayompendeza.

Kutenganisha mahali pa kujifunza na mahali pa kushindana ndiko kulikoufungua mlango. Mwaka 1993 Anders Ericsson na wenzake wawili, Krampe na Tesch-Römer, walichapisha utafiti juu ya wanafunzi wa fidla wa Berlin, wakatofautisha kati ya kupiga muziki na kufanya mazoezi ya makusudi: kazi iliyochaguliwa kwa ajili ya udhaifu fulani, yenye kurudiwa na kurekebishwa, na mara nyingi isiyofurahisha. S. alikuwa na miaka ya kupiga muziki na karibu hakuna mazoezi. Asubuhi ile ya buku moja ilikuwa mara ya kwanza kwake kushika pedi bila kutaka kushinda.

Lakini sitaki kuahidi kupita kiasi. Mwaka 2014 Macnamara, Hambrick na Oswald walikusanya tafiti nyingi za namna hiyo wakakuta kwamba mazoezi ya makusudi yanaeleza asilimia 26 ya tofauti kati ya watu kwenye michezo ya aina ya sataranji, 21 kwenye muziki na 18 kwenye michezo ya viungo. Ni sehemu kubwa, na bado kuna sehemu kubwa zaidi isiyoelezwa nayo. Atakayefuata njia ya S. atakuwa bora kuliko alivyokuwa jana. Kwamba atawapita wote bandani, hilo halimo kwenye ahadi.

Jambo la tatu ni mwenzake. Wengi wanadhani banda la mtaani ni mahali pa chini na kwamba ubora uko kwenye intaneti yenye kasi. Mwaka 2019 Arslan Ash wa Lahore, Pakistani, alishinda mashindano ya Tekken 7, gemu la mapigano, kwenye Evo Japan, tawi la Japani la mashindano makubwa ya magemu ya mapigano yaitwayo Evo, kisha miezi michache baadaye Evo yenyewe ya Las Vegas, akimshinda Knee wa Korea Kusini kwenye fainali. Alikuzwa na wachezaji wa kwao, ana kwa ana, na dunia ilikuwa haijawasikia. Hodari aliyekaa benchi moja nawe, anayekubali kukushambulia katikati dakika ishirini bila kulipwa, ana thamani kuliko vifaa. Sheria ya mshindi anabaki inawakutanisha hodari wawili kwa dakika nane, kisha inamtoa mmoja.

Uchambuzi: kilichoshindikana

Kipimo kilidanganya. "Mara ngapi nimetoka" ni kipimo ambacho mtu anaweza kukifikisha sifuri kwa kutofanya chochote, na ndicho S. alichofanya, bila hila, kwa wiki kadhaa. Kipimo cha kujizuia kinahitaji kipimo cha kutenda pembeni yake. Safu mbili zingekuwepo tangu siku ya kwanza, naamini kuporomoka kungekuwa kufupi zaidi, ingawa kuporomoka kwenyewe kusingeepukika: anayebadilisha namna ya kutumia vidole anapitia kipindi ambacho ya zamani ameiacha na mpya haijashika.

Kona zilikuwepo kwenye daftari tangu mwanzo, mabao matatu kati ya 24. Kuziacha kulikuwa sahihi wakati ule, kwa kuwa 15 yalikuwa yanasubiri. Kilichokosekana ni kulifungua daftari upya hali ilipobadilika. Chanzo kikubwa kilipozibwa, vile vidogo vilikuwa vimekuwa vikubwa, na S. alikwenda kwenye mashindano na orodha ya zamani.

Mwenzake mmoja hakutosha. Alishambulia katikati kama alivyoombwa, na hata kwenye mechi ya kawaida ya mwisho alipenda katikati. S. akawa mgumu sana kwa mchezaji wa aina hiyo na mweupe kwa anayetumia winga. Mabao saba ya pembeni yanatoka hapo.

Na kazi. Mara chache S. alichelewa kufungua kibanda, wateja wakaenda kwa fundi jirani. Kwa hesabu ya pesa asubuhi zilikuwa nafuu sana kuliko jioni, lakini mteja mmoja wa kubadilisha kioo cha simu anayeondoka ni hasara ya asubuhi nyingi. Sasa wanaanza saa mbili kamili, na saa tatu pedi zinawekwa chini hata kama mechi haijaisha.

Hali ilivyo sasa

Asubuhi wapo wanne, buku inachangwa 250 kila mtu. Mmoja wa walioongezeka anacheza kwa winga pekee, na aliitwa kwa sababu hiyo. Daftari la S. lina kurasa mpya za kona: aliyemwacha ni nani, na yeye alikuwa anamwongoza mchezaji gani mpira ulipopigwa. Dalili za mwanzo ni kwamba anamchukua beki mrefu na kumtoa kwenye nafasi yake kabla mpira haujaondoka, yaani ugonjwa uleule kwa sura nyingine.

Jioni sheria haijabadilika, na wadogo bado ndio wanaolipa kuliko wote. Nimemshauri mwenye banda atenge televisheni moja ambapo wawili wanachangia 250 kila mmoja na wote wananyanyuka mechi ikiisha. Hofu yake ni kwamba hodari wataihama banda lake. Amekubali kuijaribu ile ya mlangoni, siku za katikati ya wiki, kwa mwezi mmoja.